Mazoezi ya Viungo Nyumbani: Mwongozo kwa Asiyewahi Kuanza

Katika kliniki za zahanati na vituo vya afya vya Halmashauri yetu, mgonjwa anayepimwa na kukutwa na shinikizo la juu la damu au sukari iliyozidi hupewa mashauri matatu: atumie dawa kama alivyoelekezwa, apunguze chumvi, sukari na mafuta, na afanye mazoezi. Mashauri mawili ya kwanza hueleweka bila shida. La tatu ndilo humwacha mtu njia panda. Afanye mazoezi gani? Kwa muda gani? Na huyu ambaye tangu amalize shule hajapata kukimbia hata kuzunguka uwanja mara moja, aanzie wapi?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa mtu asiye na uzoefu wowote, asiye na vifaa, na ambaye nafasi aliyo nayo ni ya kutandika mkeka mmoja tu.

Kwa nini jambo hili ni la lazima

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Magonjwa haya hayabishi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila maumivu, hadi siku anapopooza upande mmoja wa mwili kwa kiharusi, au figo zinaposhindwa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhamasisha mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, siku moja kwa mwezi ni ya kuhamasishana tu. Haitoshi kuulinda mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani kila wiki, na kwa siku mbili au zaidi afanye mazoezi ya kuimarisha misuli. Wazee wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wanashauriwa waongeze mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili, ili kuepuka kuanguka.

Wapo watakaosema kwamba kazi za mikono zinatosha. Ni kweli kwamba kulima kwa jembe, kuchota maji na kutembea kwenda sokoni huhesabiwa katika dakika hizo. Lakini kilimo kina msimu wake, na baada ya mavuno mwili hukaa. Aidha, safari ambazo wazazi wetu walizitembea kwa miguu leo tunazimaliza juu ya bodaboda. Na fundi cherehani, dereva, muuza duka na mtumishi wa ofisini hukaa kitako kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ipo pia sababu ambayo watu hawaisemi mbele ya mganga: haya. Mama wa makamo huogopa macho ya majirani endapo ataonekana akikimbia barabarani. Mzee hudhani kwamba mazoezi ni ya vijana wa mpira. Mwenye mwili mkubwa huchelea kuchekwa. Mazoezi ya nyumbani huwaondolea wote kikwazo hicho.

Mazoezi hufanya nini mwilini

Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, hata pale ambapo homoni ya insulini imepungua nguvu. Ndiyo maana kutembea baada ya mlo humsaidia mwenye kisukari. Moyo nao ni msuli: ukizoeshwa, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na hivyo hauhitaji kupiga haraka mtu anapokuwa amepumzika. Mishipa ya damu hulainika na kutanuka kwa urahisi. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kushusha kipimo cha juu kwa milimita 5 hadi 8 za zebaki.

Punguzo hilo ni la thamani, lakini si kibali cha kuacha dawa. Wapo wagonjwa ambao, wakiona vipimo vimetulia, huziweka dawa kando kwa kuamini kwamba wamepona. Dawa hupunguzwa au kusimamishwa na mganga pekee, baada ya kupima.

Kabla ya kuanza

Fika katika zahanati iliyo karibu nawe upimwe shinikizo la damu. Keti na kupumzika kwa dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu ikiwa imekanyaga chini, na usizungumze kipimo kinapoendelea. Mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu endapo katika siku mbili tofauti kipimo kitafika au kuzidi 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini. Ikiwa kipimo chako kimefika 180 kwa 110, usianze mazoezi hadi mganga atakapokuruhusu.

Wafuatao pia wazungumze na mtoa huduma kwanza: mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye vidonda vya miguu, na mama mjamzito. Mazoezi mepesi humfaa mjamzito asiye na matatizo, lakini baada ya miezi mitatu ya kwanza aepuke mazoezi ya kulala chali. Mwenye kisukari awe na kitu cha sukari karibu; akihisi kutetemeka, jasho la ghafla au njaa kali, aache na akitumie mara moja.

Mahali, mavazi na wakati

Chagua sakafu kavu isiyoteleza. Usifanyie mazoezi ndani ya chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, kwa maana hewa yake ni sumu, na mwenye kufanya mazoezi huvuta pumzi nyingi kuliko kawaida. Vaa nguo isiyobana na isiyoburuta. Dera refu linaweza kukukwaza. Kandambili hazifai, ni heri raba au miguu mitupu. Mwenye kisukari, hata hivyo, avae viatu daima na akague nyayo zake baada ya zoezi.

Wakati mzuri ni alfajiri au jioni jua linapopunguza makali. Kwa wanaofunga, muda mfupi kabla ya kufuturu au saa chache baada ya futari unafaa zaidi kuliko mchana. Kunywa maji kabla na baada.

Mazoezi sita ya msingi

Anza kwa kutembea papo hapo taratibu kwa dakika 3 ili mwili upate joto, kisha fanya yafuatayo.

1. Kuketi na kuinuka. Egemeza kiti imara ukutani. Keti, kisha inuka bila kushika kitu, mikono ukiikunja kifuani. Rudi kuketi polepole bila kujibwaga. Zoezi hili hujenga mapaja na makalio, misuli inayomwezesha mzee kuinuka kitandani pasipo msaada.

2. Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Mwili uwe umenyooka kama ubao.

3. Kuvuta dumu. Tia lita 2 za maji kwenye dumu dogo. Huo ni uzito wa kilo 2 hivi. Inama kidogo, mkono mmoja ukishika kiti, na kwa mkono mwingine vuta dumu hadi ubavuni. Mgongo usipinde. Badilisha mkono.

4. Kuinua kiuno. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua kiuno hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu mpaka tatu, kisha shusha. Wenye maumivu ya kiuno yatokanayo na kukaa sana mara nyingi hulifurahia zoezi hili.

5. Kunyoosha mkono na mguu. Piga magoti na uweke viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, tulia kidogo, kisha badilisha.

6. Kuinua visigino. Shika kiti au ukuta, simama kwa vidole vya miguu, kisha shuka polepole. Zoezi hili huimarisha ndama na kujenga uwiano.

Katika kila zoezi, toa pumzi unapotumia nguvu na vuta pumzi unaporudi. Usizuie pumzi, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Ratiba ya wiki nane

Mazoezi hayo sita yafanyike siku mbili kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatano na Jumamosi. Katika wiki ya 1 na ya 2, fanya kila zoezi mara 8, mzunguko mmoja tu, hata kama unahisi una nguvu ya kuendelea. Wiki ya 3 na ya 4, fanya mizunguko miwili ya mara 8, ukipumzika dakika 1 au 2 kati yake. Kuanzia wiki ya 5, ongeza hadi mara 12 kwa kila mzunguko.

Kutembea kufanyike siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayeona haya kutoka nje atembee papo hapo ndani ya nyumba, akiinua magoti na kupunga mikono. Wiki ya 1 na ya 2, tembea dakika 10 kwa siku. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15. Wiki ya 5 na ya 6, dakika 20. Wiki ya 7 na ya 8, dakika 25. Ifikapo wiki ya 9, dakika 30 kwa siku tano zitakufikisha kwenye dakika 150 zinazoshauriwa. Muda huo unaweza kugawanywa, sehemu moja asubuhi na nyingine jioni.

Utajuaje kwamba kasi yako ni ya wastani? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi inafaa. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwenda pole hajikwai.

Maumivu ya kawaida na dalili za hatari

Siku moja hadi tatu baada ya kuanza, misuli huuma na kukakamaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamejidhuru. Maumivu hayo ya misuli yote kwa ujumla ni ya kawaida na huisha yenyewe. Tembea taratibu na usubiri yapungue kabla ya kurudia. Maumivu makali ya sehemu moja, hususan ndani ya kiungo, yanahitaji kupumzishwa na kuchunguzwa.

Acha zoezi mara moja na utafute huduma ya afya endapo utapata maumivu au mbano wa kifua, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au kukosa pumzi hata baada ya kupumzika. Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito ghafla ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali pasipo kuchelewa, wala asisubiri kuona kama hali itatulia.

Kudumu katka mazoezi

Katika wiki za mwanzo mwili huongezeka nguvu kabla misuli haijaongezeka ukubwa, kwa kuwa neva hujifunza kuiamrisha misuli iliyokuwapo. Kwa hiyo usiyapime mafanikio kwa kioo wala kwa mizani. Yapime kwa mambo ya kila siku: kuinuka mkekani bila kujishika, kubeba ndoo bila kutua njiani, kupanda kilima bila kuhema. Ukikosa wiki moja kwa ugonjwa, msiba au safari, usijilipishe kwa kufanya maradufu. Rudi ngazi moja ya ratiba na uendelee.

Inafaa pia kuungana na mtu wa nyumbani. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, hivyo mzazi atandikapo mkeka asiwafukuze.

Kwa ushauri zaidi, mwone Mganga Mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa wako. Vikundi vinavyotaka kufanya mazoezi kwa pamoja viwasiliane na Afisa Utamaduni na Michezo kupitia ofisi ya Kata. Baada ya kumaliza wiki nane, rudi kupimwa tena shinikizo la damu, na uende na kipimo chako cha kwanza, ili wewe na mtoa huduma mvilinganishe.