Risiti ya Wimbo Haimpi Mnunuzi Haki ya Kuurusha

Anayenunua CD au faili la mp3 hupata nakala ya kusikiliza. Anaweza kuipiga nyumbani, garini au kwenye simu yake. Hakimiliki ya utunzi hubaki kwa mtunzi, na haki za sauti iliyorekodiwa hubaki kwa waimbaji, wapigaji na mtayarishaji. Kwa hiyo risiti haimruhusu kuuweka wimbo huo kwenye tovuti yake ili wengine wausikilize, hata kama hawatozi senti. Tangazo la “sidai umiliki wa wimbo huu”, ambalo wengi hulibandika kwa nia njema, halibadilishi lolote.

Mikataba miwili ya mwaka 1996 ya Shirika la Haki Miliki Duniani (WIPO) iliwapa wenye kazi hizo haki ya kuamua kama zitawekwa mahali ambapo umma unaweza kuzifikia popote na wakati wowote unaopenda. Kinachoangaliwa ni kuwekwa huko. Kwamba msikilizaji hawezi kupakua wimbo si utetezi.

Suala hili lilipimwa vikali Marekani. Januari 2000 kampuni ya MP3.com ilifungua huduma ya kumwezesha mteja kusikiliza mtandaoni muziki wa CD alizonazo. Mteja alitumbukiza CD kwenye kompyuta kuthibitisha kuwa anayo, kisha akapigiwa muziki kutoka nakala ambazo kampuni ilizitengeneza kwa makumi ya maelfu ya CD ilizonunua kihalali. Mteja alikuwa amelipa, na kampuni ilikuwa imelipa. Hata hivyo, Jaji Jed Rakoff wa New York aliamua mwaka huohuo kuwa kunakili bila idhini kulivunja hakimiliki. Kampuni ya muziki ya Universal pekee ililipwa dola milioni 53.4.

Mambo ni tofauti kwa anayehifadhi muziki alionunua kwenye seva na kuusikiliza mwenyewe kwa nenosiri. Hapo hakuna umma, na sheria nyingi, ikiwemo ya Tanzania ya mwaka 1999, huacha nafasi ya matumizi binafsi. Nenosiri likishagawiwa ovyo, kinga hiyo hupotea. Masharti ya duka lililouza faili nayo yasomwe, kwa sababu yanaweza kubana zaidi ya sheria.

Anayetaka kuurushia umma huomba leseni, na mara nyingi moja haitoshi. Kenya, chama cha MCSK kiliundwa kwa ajili ya watunzi, KAMP kwa watayarishaji na PRISK kwa wasanii waliorekodi. Msimamizi wa vyama hivyo ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Tanzania Bara pa kuanzia ni ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Wimbo wa zamani nao una hesabu yake. Katika nchi hizo utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, ulinzi wa tungo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, umekwisha. Lakini kikundi cha leo kikizirekodi upya, rekodi hiyo mpya ina wenyewe.

Mwenye tovuti asiye na leseni aweke kiungo cha ukurasa rasmi wa msanii. Wageni wake watausikiliza wimbo huko, na usikilizaji huo utahesabiwa kwa msanii mwenyewe.