Malawi: Bustani za Mabondeni na Mvua Zilizobadilika



Katika nchi ya Malawi, jirani zetu wa kusini, mlo haukamiliki mpaka nsima, yaani ugali, iwe na kitoweo chake, ambacho wenyeji hukiita ndiwo. Mahindi ya nsima hutoka shambani. Ndiwo ya kila siku hutoka bustanini: majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, mchicha, mpiru, majani ya kunde na nyanya. Kwa hiyo, mtu anayezungumza juu ya njaa ya Malawi huku akilitazama ghala la mahindi peke yake, ameitazama nusu tu ya sahani.

Malawi ina msimu mmoja mkubwa wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Mvua zikikatika, kazi huhama kutoka mashamba ya juu na kushuka mabondeni, ambako ardhi huhifadhi unyevu. Huko, familia iliyojaliwa kupata kipande cha ardhi hulima bustani iitwayo dimba. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe hawahitaji maelezo zaidi, maana kwao bustani za namna hiyo ni vinyungu. Mama huteka maji katika kisima kifupi, humwagilia matuta yake asubuhi na jioni, na wakati wote wa kiangazi hupata mboga ya watoto pamoja na fedha kidogo za chumvi, sabuni na madaftari.

Tangu zamani dimba limekuwa akiba. Mahindi yakiharibika kule juu, bondeni hubaki kitu. Lakini je, akiba hiyo ingali salama?

Mambo yaliyotukia mwaka 2023 na 2024 yalitoa jibu zito. Mwezi Machi 2023, kimbunga Freddy, kilichokuwa kimedumu baharini na nchi kavu kwa zaidi ya mwezi mzima, kiliingia kusini mwa Malawi kikitokea Msumbiji. Watu zaidi ya 600 walifariki, mamia wengine hawakuonekana tena, na zaidi ya nusu milioni waliyahama makazi yao. Udongo wa milimani uliporomoka, na mito ikafurika mabondeni. Bustani iliyofukiwa na mchanga haipandiki mara maji yakishuka, kwa sababu udongo wenye rutuba umekwisha kuchukuliwa au umelala chini ya mchanga.

Kabla majeraha hayo hayajapona, msimu wa 2023 na 2024 ulileta kinyume chake. Hali iitwayo El Niño, ambayo ni kupata joto kupita kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ilizipunguza mvua kusini mwa Afrika. Mwezi Machi 2024, Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za nchi hiyo. Zambia ilikuwa imekwisha kutangaza maafa yake mwezi Februari. Na katika msimu huo huo sisi hapa Tanzania tulikuwa tukilia mafuriko, na wenzetu wa Hanang walifukiwa na maporomoko ya tope mwezi Desemba 2023. Hali moja ya bahari ya mbali iliwanyima maji jirani zetu, nasi ikatumwagia kupita kiasi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maji ya dimba hayana chanzo chake peke yake. Ni mvua ile ile iliyonyesha juu, ikanywewa na ardhi, kisha ikateremka polepole hadi bondeni. Mvua ikipungua, shamba hukauka Februari, na kisima cha bustani hukauka miezi michache baadaye. Mvua ikizidi, bonde ndilo la kwanza kuzama. Ghala la pili, basi, limejengwa juu ya msingi ule ule wa ghala la kwanza.

Ongezeko la joto la dunia linauzidisha mkazo huo. Hewa ikipanda joto kwa digrii 1 ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Siku ya mvua, mvuke huo hushuka kwa kishindo. Siku ya jua, hewa hiyo hiyo huunyonya unyevu wa udongo kwa haraka zaidi. Mkulima wa bustani huliona jambo hili kwa macho yake: maji ya asubuhi yamekwisha adhuhuri, maua ya nyanya yanapukutika kwa joto, utitiri unashambulia majani wakati wa ukame, na ukungu unayaozesha baada ya mvua nyingi.

Hata hivyo, yapo yanayowezekana. Wakati wa kiangazi vitalu vishushwe kidogo chini ili maji yasitoroke, na wakati wa masika matuta yainuliwe ili mizizi isioze. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu na kulishwa mboji. Matete ya kingo za mito yaachwe, kwa kuwa ndiyo yanayoushika udongo siku ya mafuriko. Mboga za asili, kama mchicha na kunde, zipewe heshima yake, kwani huvumilia joto kuliko kabichi. Wamalawi wana pia mfutso, yaani mboga za majani zilizokaushwa juani na kuwekwa akiba, kama watu wa Dodoma wanavyokausha mlenda. Hiyo ni akiba isiyongoja kisima kijae.

Lakini haifai kumtupia mama mwenye ndoo mzigo wote. Misitu ya vilimani haihifadhiwi na mtu mmoja. Utabiri wa hewa hauna faida usipomfikia mkulima mapema na kwa lugha aielewayo. Mbegu na mabwana shamba ni wajibu wa serikali.

Nasi hatuna sababu ya kuyatazama haya kama mambo ya ng'ambo. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, umezoea kufurika na kuhama mkondo, na bustani za ng'ambo zote mbili hunywa maji yake. Mvua haitambui mpaka. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Na maji yenyewe, ndugu msikilizaji, ni yale tutakayokuwa tumeyahifadhi ardhini kabla ya kiangazi kuanza.