Seli za nguruwe zilivyofichua siri ya mishipa yetu ya damu

Wasomaji wetu wanaoishi kusini mwa London huenda hupita Beckenham kila siku wakiwahi kazini, bila kujua kuwa hapo, mwaka 1987, ndipo lilipothibitishwa jibu la swali lililowasumbua wanasayansi kwa miaka saba. Jibu hilo lilitoka kwenye mshipa wa nguruwe.

Swali lenyewe lilianzia New York mwaka 1980. Profesa Robert Furchgott alionyesha kuwa mshipa wa sungura hulegea ukitiwa dawa fulani, lakini utando wake wa ndani ukikwaruzwa, haulegei tena. Utando huo ni tabaka moja tu la seli zilizopangana kama vigae. Kumbe seli hizo hutoa kitu kinachouamuru mshipa upanuke! Kitu gani? Ilikuwa vigumu kujua, kwani kilitoweka katika sekunde chache.

Katika maabara za Wellcome huko Beckenham, Dk. Salvador Moncada na wenzake, Richard Palmer na Anthony Ferrige, walitumia seli za utando kutoka mshipa mkuu wa nguruwe. Walizikuza juu ya vijipunje vidogo, wakazijaza katika mrija, kisha wakapitisha majimaji yaliyodondokea vipande vya mshipa wa sungura visivyo na utando. Vipande vikalegea. Walipopima majimaji hayo walikuta gesi ya nitriki oksaidi, tena kwa kiasi kilichotosha kueleza kulegea kule. Gesi hiyo hiyo imo katika moshi wa magari! Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Juni 1987.

Sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani presha haibagui aliye ughaibuni na aliye nyumbani, na utando huo ukidhoofika mishipa hukakamaa. Tena tangu mwaka 1879, daktari William Murrell wa London alipoandika kuhusu nitrogliserini, wagonjwa wa moyo wamekuwa wakipewa dawa hiyo kutuliza maumivu ya kifua. Leo tunajua kuwa mwilini hutoa gesi hiyo hiyo.

Wapo watakaoshtushwa na neno nguruwe. Tuwatoe hofu: seli hizo zilikuwa chombo cha uchunguzi, hazikutiwa ndani ya dawa. Nguruwe huchaguliwa kwa kuwa mishipa yake inakaribiana na yetu kwa ukubwa na hupatikana machinjioni. Hata hivyo, mnyama si binadamu, na seli zikikuzwa muda mrefu hupoteza baadhi ya tabia zake. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 watafiti hutumia pia seli kutoka kitovu cha watoto wanaozaliwa.

Mwaka 1998 Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huu walipewa Wamarekani watatu: Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad. Furchgott na Ignarro walikuwa wameshaitaja gesi hiyo mwaka 1986. Moncada, aliyezaliwa Honduras, akasomea udaktari El Salvador na kuja London mwaka 1971, aliachwa, na wanasayansi wengi walilalamika. Uingereza ilimtunuku cheo cha Sir mwaka 2010.

Maabara za Beckenham zilifungwa mwaka 1995, baada ya Wellcome kununuliwa na Glaxo. Lakini kila daktari anapozungumzia afya ya mishipa, kazi ya mgeni yule bado inaendelea.