Klachi inavuja: tupime kwanza, ndipo tulipe



Mwezi huu tunaongea juu ya gari. Wengine watauliza, gari inatuhusu nini sisi wa kambini? Lakini familia tatu hapa kwetu zinakula kwa Hiace moja ya zamani, inayopakia watu na mizigo ya soko kati ya Kamembe na Bugarama. Jumatatu moja asubuhi pedali ya klachi, au ambreyaji kama tunavyosema Bukavu, ilienda chini na haikurudi. Gia zikakataa kuingia.

Fundi wa kwanza hakuinama hata kuangalia chini ya gari. Akasema klachi yote imekufa, leteni faranga 180,000. Nyumbani kulikuwa na 60,000 tu, nazo ni za unifomu na madaftari. Mama mmoja akatujia shuleni jioni, hesabu iko mkononi. Tukamwita papa mmoja mzee aliyefanya kazi ya gereji miaka mingi. Tunawaandikia aliyotuonyesha.

Kwanza, kujua ugonjwa. Ukikanyaga mafuta, mashine inalia lakini gari haivuti, zaidi kwenye mlima, na unasikia harufu ya kuungua, basi sahani ya klachi imekwisha. Hapo ni kushusha gia boksi, kazi ya makuta mengi. Lakini pedali ikiwa laini na gia zikisaga, mara nyingi ni mafuta yamevuja. Klachi ya namna hii inasukumwa na mafuta ya breki: silinda ya juu iko kwenye pedali, ya chini iko kando ya gia boksi, na bomba linaziunganisha.

Pili, kutafuta mahali. Tia alama ya kalamu kwenye kichupa cha mafuta, halafu laza gari juu ya katoni safi. Pitisha mkono nyuma ya pedali: pakiwa na majimaji, ni silinda ya juu. Doa likiwa chini ya gia boksi, angalia silinda ya chini na mpira wa bomba. Mafuta ya breki ni mepesi. Ya mashine ni mazito na meusi. Yetu ilikuwa silinda ya chini, vipira vyake vimekatika. Gari nyingine silinda hiyo imefichwa ndani ya gia boksi. Hapo gharama inapanda.

Tatu, hesabu. Tuliiandika ubaoni, kwa bei tulizoambiwa siku ile:

Vipira vya silinda: 8,000
Mafuta ya breki DOT 3: 5,000
Kazi ya fundi, pamoja na kutoa hewa: 12,000
Akiba, silinda ikikutwa imechimbika ndani: 20,000
Jumla: faranga 45,000

Silinda ilikuwa nzima, akiba haikuguswa. Zilitoka 25,000.

Tuangalie na haya. Usimimine mafuta ya mashine, yanavimbisha vipira. Usiongeze mafuta kila asubuhi ukajidanganya gari imepona: magari mengine kichupa ni kimoja na cha breki, na kwenye mteremko wa Bugarama breki si mchezo. Tena mafuta haya ni sumu. Yasiwekwe kwenye chupa ya Fanta, watoto watakunywa.

Na fundi yeyote, mwombe kwa heshima akuonyeshe panapovuja kabla hujalipa, na akurudishie vipuri vya zamani.

Gari ilipumzika siku tatu, na siku tatu bila kazi nyumbani zilisikika. Faranga 35,000 zilizobaki zimenunua madaftari yote na unifomu mbili. Ya tatu bado, lakini Hiace inatembea, itapatikana.