Kuficha mistari ya mipangilio katika faili la maandishi

Mtaa wa Xiaobei, ulioko wilaya ya Yuexiu mjini Guangzhou, kusini mwa China, unajulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wafanyabiashara wa Afrika. Afikaye huko kununua bidhaa kwa jumla huwa na mengi ya kuandika: bei kwa yuan, idadi ya maboksi, alama ya mzigo, na anwani ya duka kwa herufi za Kichina ili amwonyeshe dereva wa teksi. Wapo wanaotumia daftari la karatasi. Wengine hutumia faili la maandishi matupu, yaani lisilo na picha wala mapambo, ambalo programu yoyote ya kuhariri huweza kulifungua.

Wepesi huo una gharama yake. Kwa kuwa faili la namna hiyo halina chumba cha ndani cha kuwekea maagizo, maagizo hayo huandikwa humohumo pamoja na bei na anwani. Katika Org mode, mfumo wa kuweka kumbukumbu ndani ya programu ya Emacs, ulioanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Amsterdam, mistari ya mipangilio huanza kwa alama #+. Mmoja hutaja jina la faili, mwingine lugha, mwingine huamuru vichwa vijikunje faili linapofunguliwa. Atafutaye bei ya vigae hulazimika kwanza kuruka mistari mingi isiyomhusu.

Wengi hufikiria kuifuta, na hapo ndipo hasara huanzia. Tuseme faili limehifadhiwa kwa GB 2312, kiwango cha China cha mwaka 1980 chenye herufi 6,763 za Kichina. Mstari wa juu kabisa, uliozungukwa na alama -*-, huieleza Emacs jambo hilo. Ukifutwa, kompyuta iliyoko Mombasa itabaki kukisia, na ikikosea, anwani ya duka itageuka kuwa alama zisizosomeka. Aliyefuta mstari huo huko Xiaobei hataona tofauti yoyote, kwa sababu kompyuta yake imezoea Kichina.

Lililo bora ni kuihamisha na kuikunja. Mistari ya #+ inayohusu faili zima si lazima ikae juu; huweza kuwekwa mwishoni, chini ya kichwa kimoja, tuseme "Mipangilio". Kichwa hicho kikipewa lebo ya ARCHIVE, hubaki kimefungwa hata mtumiaji anapofungua vingine vyote kwa pamoja. Lakini si kila mstari huhamishika ovyo. Orodha ya mipangilio ya Emacs yenyewe hutafutwa katika herufi 3,000 za mwisho wa faili, na programu ya Vim, isipoelekezwa vingine, hutazama mistari mitano ya kwanza na mitano ya mwisho tu. Agizo lililotupwa katikati halisomwi na yeyote.

Msikilizaji asichanganye kukunja na kufunga kwa kufuli. Mfanyabiashara akiweka chini ya kichwa hicho bei aliyonunulia, kisha akamtumia mteja wa Dar es Salaam faili zima, mteja atakayelifungua kwa programu ya kawaida ya simu ataona kila mstari, faida ikiwa wazi mbele yake. Kukunja ni kazi ya programu. Faili lenyewe halijabadilika hata kidogo.

Hatari hiyo huja pia kutoka upande wa pili, kwani faili lililopokelewa huleta maagizo yake. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro katika Vim iliyoruhusu mstari wa mipangilio kuendesha amri kwenye kompyuta ya aliyelifungua, nayo ikarekebishwa mwaka huohuo. Emacs huuliza kabla ya kukubali mipangilio inayoitilia shaka, na kwa faili la mtu asiyejulikana, jibu la busara ni hapana.

Kwa mteja hupelekwa nakala iliyotolewa kwa amri ya Org mode, wala si faili lenyewe. Kichwa cha mipangilio kikiwa na lebo ya noexport, hakimo kabisa katika nakala hiyo, wala bei iliyo chini yake.