Pumzi Iliyo Sawa: Zoezi la Wayogi na Utulivu wa Mhubiri

Mwanafunzi apandaye mimbarani kwa mara ya kwanza hutambua jambo ambalo mafundisho ya kuhubiri hulitaja kwa uchache, kwamba pumzi huweza kumwishia kabla ya maneno. Moyo humwenda mbio, sauti hupanda, na hoja aliyoiandaa juma zima hutawanyika. Si ajabu akashauriwa na daktari au rafiki avute na kutoa pumzi kwa kipimo kilicho sawa. Naye akiuliza zoezi hilo limetoka wapi, huambiwa kwamba ni yoga. Hapo huanza mashaka: je, ni halali kwa mtumishi wa Neno? Haifai kulijibu swali hilo kabla ya kulifahamu zoezi lenyewe.

Katika Kisanskriti huitwa samavritti: sama ni sawa, na vritti ni mwendo au mzunguko. Ni aina mojawapo ya pranayama, yaani kuitawala pumzi, ambayo katika Yoga Sutra ya Patanjali ni hatua ya nne kati ya nane. Neno hilohilo vritti ndilo alilolitumia Patanjali mwanzoni mwa kitabu chake, alipoieleza yoga kuwa ni kuituliza miendo ya fahamu. Kwake pumzi haikutawaliwa ili mtu aseme vema mbele ya watu. Shabaha ilikuwa nafsi itengane na maumbile na kuwa huru. Huo ni ukombozi upatikanao kwa kujizoeza, na Mlutheri hana budi kuuona hivyo, bila kuudharau na bila kuupaka rangi ya Kikristo.

Namna ya kulifanya ni nyepesi. Mtu huketi wima, mabega yakiwa yamelegea, akafumba kinywa. Huvuta hewa kwa pua akihesabu moyoni hadi nne, kisha huitoa kwa hesabu ileile, pasipo kulazimisha, kwa dakika tano hivi. Akizoea huongeza hadi tano na tano. Hesabu moja ikichukua sekunde moja, pumzi nzima ni sekunde kumi, yaani pumzi 6 kwa dakika, hali mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Wako wanaoongeza kuizuia pumzi katikati. Anayeanza asifanye hivyo, wala mwenye mimba, wala mwenye ugonjwa wa moyo. Kizunguzungu au ganzi ya vidole ni dalili kwamba anapumua kwa nguvu mno na kupoteza hewa ya ukaa kupita kiasi. Basi aache, apumue kama kawaida.

Kwa nini hutuliza? Tuvutapo pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, na tuitoapo hupunguza, kwa kazi ya neva ya vagasi itokayo kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Pumzi ya polepole huyapa mabadiliko hayo nafasi, na mwili uliokuwa tayari kukimbia hulegea. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya yoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi karibu na 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mkondo mmoja. Mapafu, yaelekea, hayaulizi ungamo la imani.

Jambo hilo laweza kutufariji, nalo laweza kutuonya. Ikiwa utulivu huo huja kwa mwabudu yeyote, basi ni wa kifungu cha kwanza cha Imani, wa uumbaji, sawa na chakula na usingizi. Mchungaji aweza kuupokea kwa shukrani. Hatari ni kuuita jina lisilo lake. Lugha yetu yenyewe hutuvuta huko: pumzi na kupumzika ni ndugu, na roho ni Roho lakini pia ni koo, kama tusemavyo mtu amekabwa roho. Barua ya Vatikano ya tarehe 15 Oktoba 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo ilionya kwamba raha ya mwili isidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu, na hapo sisi hatuna la kuipinga. Katika Yohana 20:22 wanafunzi hawakuizalisha pumzi, walivuviwa.

Luther alipomwandikia kinyozi wake Peter mwaka 1535 juu ya kusali, alimkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka macho na akili kwenye wembe, na kwamba sala yahitaji moyo mzima zaidi ya hivyo. Hakumpa hesabu ya pumzi. Alimpa Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana azitafakari. Kwa maoni yangu, zoezi na lifanyike chumbani, likome, ndipo sala ianze kwa maneno yake. Wala lisifundishwe usharikani kama aina ya sala. Penye kilio au kitandani pa mgonjwa mwenye hofu, kupumua polepole pamoja naye ni huduma njema. Lakini wako ambao kuhesabu pumzi huwazidishia hofu. Hao wasihesabiwe, washikwe mkono tu, wasomewe zaburi.