Fundi wa seva naye afunzwe kupima

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kusaidia ofisi moja hapa Mombasa. Kila asubuhi seva yao ilikuwa nzito, watu wamejaa kwenye mabenchi, na karani hana jibu ila "sistimu iko chini". Nami, na diploma yangu na uzoefu wa miaka mingi, nikawashauri waongeze memori. Pesa zikatoka, memori ikatiwa, na Jumatatu foleni ikawa ile ile.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kazi ya kunakili data ya akiba, iliyopaswa kumalizika usiku, ilikuwa ikiendelea hadi asubuhi na kuishughulisha diski. Memori haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyebahatisha badala ya kupima.

Kwa hivyo nasema mafunzo si ya wanagenzi peke yao. Fundi mzoefu akikosea, hakuna wa kumuuliza, kwa kuwa anaaminiwa.

Afunzwe nini? Kwanza, kuzielewa namba. Kwenye Linux, amri ya uptime huonyesha wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15. Wengi wetu tukiona 20 kwenye seva yenye prosesa 4, twasema prosesa imezidiwa. Lakini Linux huhesabu pia kazi zilizokwama zikingojea diski, na huenda prosesa yenyewe imekaa bure. Vmstat na iostat ndizo zitakazokuonyesha mzigo uko wapi.

Pili, memori. Amri ya free ikikuonyesha kwamba iliyo huru ni kidogo, usikimbilie dukani. Linux huitumia memori isiyo na kazi kuweka mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. Tazama safu ya mwisho, ile ya memori inayoweza kupatikana.

Tatu, utaratibu. Brendan Gregg, bingwa wa fani hii, afunza kuuliza mambo matatu kwa kila kifaa: chatumika kiasi gani, kuna kazi zinazongoja foleni, na kuna hitilafu?

Nne, subira. Andika vipimo vya seva ikiwa nzima, ili siku ya maradhi uwe na cha kulinganisha. Kisha badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi.

Wakubwa wa ofisi, mkitenga pesa za mitambo, tengeni na za kuwafunza mafundi mlio nao. Wapeni seva ya majaribio iliyovurugwa makusudi, waitafute kasoro kwa vipimo. Mashua ikivuja, hakuna nahodha anayebadilisha tanga. Na anayeumia kwa kubahatisha kwetu ni yule mama aliyetoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, na adhuhuri bado yuko kwenye benchi.

Wabillahi tawfiq.